Nilijifunza Kiingereza cha wenyewe kwenye mto wa mchanga Kathonzweni, Susu akanijibu

Wakuu, mko salama? Sogeeni karibu. Nitakayosema yana chumvi kidogo pembeni, hiyo ni tabia yangu hata mke wangu amechoka nayo, lakini katikati ni ukweli mtupu. Hasa hapo kwa chai. Hapo sijaongeza kitu.

Miaka ya themanini mwanzoni nilikuwa kijana wa Kathonzweni. Mchana nachoma matofali, jioni niko ngumbaru, ile shule ya watu wazima. Darasa lilikuwa na taa moja na wanafunzi kumi na wawili, mmoja mzee kiasi kwamba nafikiri reli ilijengwa akiangalia.

Sasa, kulikuwa na hoteli ya watalii barabara ya Mombasa, upande wa Makindu, inatafuta mtu wa reception. Mwenye hoteli alikuwa Mzungu mzee. Cheti hakuangalia. Alikuwa anapiga story na wewe tu, na ukijibu kama kitabu, kwaheri.

Mwenzetu Mutuku aliulizwa habari, akasimama wima, mikono ubavuni: "I am fine thank you sir, and how are you sir." Alirudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Mimi ile kazi niliitaka kufa na kupona. Matofali yalikuwa yamenimaliza kifua. Nilikuwa nakohoa vumbi jekundu, na daktari wa dispensary alishaniambia niache au nijiandae.

Mwalimu Kioko wa ngumbaru akanipa idioms arobaini, nikaziandika kwa exercise book. "Under the weather," yaani unaumwa. "Piece of cake," kazi rahisi. "I could murder a cuppa," una hamu kali ya chai.

Akaniambia, "Hizi hazisomwi kimya. Mdomo lazima uzizoee."

Basi nikazipeleka mtoni.

Mto wetu ni mchanga mtupu mwaka mzima, isipokuwa siku mbili tatu unaposhuka ghafla na kubeba ng'ombe. Siku zingine unachimba shimo, unakaa, unangoja maji yajae. Kule kungoja ndiko kulikuwa darasa langu. Nauliza swali kwa sauti nzito ya Mzungu, halafu najijibu kwa sauti yangu. Kingo zinarudisha.

Wiki ya kwanza nilikuwa nacheka mwenyewe.

Wiki ya tatu ile sauti nzito ilikuwa inatoka bila kuilazimisha. Na punda, wakuu, punda wangu wawili walikuwa wanasimamisha masikio. Hawaniangalii mimi. Wanaangalia nyuma yangu.

Mama akanisikia. Alienda moja kwa moja kwa Susu, nyanya yangu mzaa baba.

Kama wewe si Mkamba, ngoja nikueleze. Kwetu mtu akionekana peke yake anaongea lugha ya kigeni kwa sauti isiyo yake, wazee hawasemi anasoma. Wanasema roho ya mgeni imemwingia. Na mgeni hafukuzwi. Anapigiwa ngoma ya kilumi, anaulizwa anataka nini, anapewa. Ukishampa ni wako, utamtunza. Mama alikuwa mtu wa kanisa, kilumi hakutaka hata kuisikia, lakini siku hiyo alikubali.

Walinikalisha Jumapili alasiri, jua likiwa kali. Interview ilikuwa Jumatatu asubuhi.

"Huyu haendi popote mpaka mgeni aseme anachotaka," Susu akasema.

"Susu, ni masomo tu!"

"Masomo ya mtoni?"

"Mwalimu alisema nifanye kwa sauti."

"Mwalimu wako ana sauti ngapi?"

Akina mama wakaanza ngoma. Nikahesabu saa, nikaona kazi yangu inaondoka. Nikaamua kuwadanganya ili niachiliwe. Nikafunga macho, nikatoa ile sauti nzito: "I could murder a cuppa."

Halafu kwa Kikamba, "Anataka chai."

Chai ikaletwa, ya maziwa, moto. Susu akaimwaga chini mbele yangu taratibu, ikanywewa na mchanga mara moja. Akauliza, "Mgeni, umeridhika?"

Nikafungua mdomo nijibu. Sikuwahi.

"Mustn't grumble, old boy. Mustn't grumble."

Jibu lilikuwa limetoka kwa Susu. Sauti ya mwanamume, nzito, kama mtu aliye na maji kooni. Susu hakujua hata "good morning." Ngoma zikakoma zenyewe. Yeye akapangusa mdomo, akaniuliza mbona namkodolea macho.

Usiku nilipekua ile exercise book mara tatu. Arobaini zote. Hiyo ya kusema hulalamiki haikuwemo.

Jumatatu nikafika hotelini. Mzungu mzee hakuinua kichwa. "And how are you keeping?"

Idioms zangu zote zikayeyuka. Mdomo ukajisemea: "Mustn't grumble, old boy."

Akaweka kalamu chini. Akanitazama mpaka nikajua nimeharibu.

"Nani amekufundisha hiyo?"

"Nyanya yangu, sir."

Hakucheka. Alisema alikuwa na rafiki, mtu wa kuchimba visima, akiulizwa habari alikuwa anajibu hivyo tu, kila siku, kwa maneno hayo. Mto uliposhuka ukambeba na gari lake. Gari lilipatikana. Yeye hapana.

Nikamuuliza mto gani, ingawa nilishajua.

Kazi nilipata. Nilikaa hapo miaka kumi na moja na kifua kikapona. Lakini lile shimo letu la maji, tulilokuwa tunakunywa toka nizaliwe, sikunywa tena.

Susu ameshafariki, zamu ya kumtunza mgeni ni yangu. Kila nikienda nyumbani napeleka kikombe cha chai mtoni, namwaga mchangani, nauliza kwa Kiingereza kama ameridhika. Halafu naondoka haraka kabla sijajibiwa.

Wakuu, somo langu ni hili: slang jifunzeni, inafungua milango. Ila ukifanya mazoezi peke yako, uliza swali na uishie hapo. Usitengeneze sauti ya pili, kuna asiyekuwa na mdomo anaitafuta.

Nani mwingine amejifunza lugha akajibiwa na asiyemwona? Wa Tseikuru mpaka Makindu, najua mko humu. Semeni, na wanaocheka pia nawakaribisha, ila kwanza mje mninywie maji ya lile shimo.