Baba Aliuliza

Mama mmisionari aliyekaa karibu na Kabambare alikuwa Mwingereza, na Kifaransa, lugha ya serikali, kilimpiga chenga. Baba yangu, seremala Mwislamu, alimtengenezea viti. Ndivyo nami nilivyoingia pale kuosha vyombo na kujifunza Kiingereza. Kila amri ya mama yule ilikuwa na mkia wa swali. Funga mlango, utafunga? Twende sokoni, twende? Hata katazo lilipata mkia: usivunje kikombe, utavunja? Mimi nilizoea mabwana wa serikali waliokagua mashamba ya pamba wakibweka, "Lima!" na basi. Uungwana huu ulinilevya.

Siku moja akaniambia nilete kuni, nitaleta? Nikamjibu kwa Kiingereza safi kwamba hapana, nimechoka. Alicheka mpaka machozi. Lile si swali, akanieleza, ni amri iliyonawishwa uso, na jibu lake ni kufanya. Nikaenda kuleta kuni. Somo lilikuwa limeniingia barabara.

Aliahidi kunipeleka kusomea ualimu. Nililala na kuamka na ualimu huo.

Ndipo wakaja watu kutoka mji wa Kasongo kuniposa. Kwetu, msichana akiulizwa kuhusu posa akanyamaza, amekubali. Asiyetaka ndiye husema. Baba, ambaye hakuwahi kunipandishia sauti, aliniita ndani.

"Mama, ile kijana ya Kasongo iko mutu muzuri. Umukubali. Utamukubali, eh?"

Nikasikia amri iliyonawishwa uso. Nilitazama miguu yangu, nikanyamaza. Baba akangoja. Akauliza tena, akangoja tena, kisha akatoka kuwapa wageni jibu.

Mume wangu hakunitesa. Alinichosha tu, maisha mazima. Ualimu niliuzika, na nikiona watoto wanakwenda shule moyo uliniuma, na hata leo unauma.

Baba alipougua nilirudi kumuuguza. Asubuhi moja nikimnywesha uji, akanishika mkono.

"Ile siku, mama, nilikuuliza kweli. Nilikuwa nangojea useme hapana. Ningerudisha ile watu wote kwao." Akapumzika kidogo. "Lakini ulimupenda?"

Nilitaka kulia kwa sauti, nimwambie yote. Lakini alikuwa ananitazama, mzee wa watu, mifupa mitupu, na jibu langu ndilo angeondoka nalo.

"Nilimupenda, baba," nikasema.

Akatabasamu, akafungua kinywa apate uji.