Msiba Nilioingia Nao Kwenye Nyumba ya Vitisho

Mama mdogo alifariki Jumatano, akazikwa siku hiyo hiyo kabla ya alasiri. Mimi niliambiwa jioni, nikiwa dukani Al Baraha, nimepiga magoti napima urefu wa buibui la mteja. Aliyenipigia simu ni mjomba, kaka yake marehemu. Kwangu hakuzungusha maneno. Nina miaka kumi na mmoja hapa Dubai, nimeshafiwa na mama yangu mzazi nikiwa huku huku, na mjomba ananihesabu kuwa mtu mzima. Aliyemhofia ni binti ya marehemu.

"Mdogo wako usimwambie kwa simu," alisema. "Mwendee. Mkalishe chini, ale kwanza ashibe, ndiyo umwambie. Yuko peke yake katika nyumba ya watu, mwanangu. Akizipata habari hizi kwa simu ataanguka."

Ndivyo tufanyavyo kwetu Mombasa. Aliye mbali haambiwi msiba kwa simu. Hutafutwa mtu wa damu yake aliye karibu naye, akabebeshwa habari ile aipeleke mwenyewe, na mpaka afike, nyumba nzima hukubaliana kusema uongo. Kwa siku nne mdogo wangu alipiga simu nyumbani, na kwa siku nne walimjibu. Simu ya mama imeanguka majini. Mama kalala, mguu unamsumbua. Mama yuko kwa jirani, anasaidia kupika pilau ya harusi. Vijana walikatazwa kuweka picha ya marehemu kwenye status za simu zao. Watu walikuwa wamekaa mikekani matangani, wanamtungia maiti safari za mtaani.

Namwita mdogo wangu kwa sababu mama zetu ni ndugu wa tumbo moja, na nimempita miaka tisa. Mimi ndiye niliyemleta huku. Nilimtafutia kazi ya nyumbani Mirdif, kwa madam mwenye watoto watatu, na nilimwahidi mama yake kwa mdomo wangu huu kwamba nitamwangalia. Kwa hiyo mjomba hakukosea kunichagua mimi. Alikosea kunidhania jasiri.

Ningeweza kwenda Mirdif Alhamisi. Nilijiambia kwamba madam wake hapendi wageni, na hilo ni kweli. Nilijiambia pia kwamba kumwita mtu langoni ukamwambia mamake amekufa, kisha yeye arudi jikoni kukaanga samaki wa watu, ni ukatili, na hilo nalo ni kweli. Uoga hauna shida ya kupata ukweli wa kujifunika. Siku yake ya mapumziko ni Jumapili, nikajipa mpaka Jumapili. Niliwaomba wanawake wenzangu wa chumbani wanipishe tangu adhuhuri hadi magharibi. Nilipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, kwa sababu mjomba alisema ale kwanza, na mimi maagizo ya wakubwa huyashika sana hasa yanaponichelewesha.

Jumapili asubuhi ukaja ujumbe wake wa sauti. Alikuwa anacheka hata maneno hayasikiki vizuri. Mtoto mkubwa wa madam alikuwa ameshikwa na homa, na tiketi mbili za nyumba ya vitisho zilikuwa zinataka kwenda bure, madam akampa yeye. "Dada, usinipikie," alisema. "Tukutane pale mall saa nane. Ukikataa sikusemeshi mwezi mzima."

Nilikaa na sufuria yangu ya wali mapajani nikausikiliza ujumbe ule mara tatu. Kisha nikaenda.

Nyumba za vitisho nilikuwa nazisikia tu. Kwetu, nyumba yenye mashetani watu huihama, na wakishaihama hawakati njia mbele yake. Ilikuwapo moja karibu na madrasa tuliyosomea, madirisha yake yamezibwa kwa mabati. Mama mdogo ndiye aliyekuwa akitupitisha pale tukiwa wadogo. Alikuwa anatushika vifundo vya mikono, si viganja, anasema kiganja hutoka, na midomo yake inasoma haraka haraka mpaka tufike kona. Huku Dubai nyumba kama hiyo imewekwa ghorofa ya pili, katikati ya duka la viatu na duka la aiskrimu, na watu wanapanga foleni kuingia.

Alinikuta nimesimama penye ngazi za umeme. Alikuwa amevaa dera la kijani nililomshonea mwenyewe, na macho amepaka wanja. Alinikumbatia akanusa shingo yangu kama anavyofanya siku zote. "Unanuka nazi," alisema. "Si nilikwambia usipike?"

"Twende tule kwanza," nikamwambia. "Tukae mahali."

"Wasichana wa nyumba ya jirani wamenambia usiingie na tumbo limejaa, utatapika. Tutakula tukitoka."

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa langu nalijua lilivyo. Palikuwa na benchi hatua sita kutoka tuliposimama. Ningeweza kumketisha. Lakini mjomba alisema ale kwanza, na yeye amekataa kula, basi mimi nikajiona nimepata ruhusa. Nililishika sharti la chakula kana kwamba ni aya. Nikamfuata kwenye foleni.

Mbele yetu walikuwapo vijana wa Kiarabu wenye kanzu nyeupe wanasukumana, na mke na mume wa Kihindi ambao bila shaka hawakuwa na mwezi tangu waoane, na wasichana wa Kifilipino wanne walioshikana mikono tayari kabla ya kuingia. Wote wana furaha. Niliwaangalia nikakasirika, nikajiuliza watu hawa wamekosa nini maishani mwao hata wanakata tiketi ya hofu. Hofu mimi nilikuwa nayo ya bure, ninaitembeza kifuani tangu Jumatano.

Mlangoni alisimama askari wa ulinzi, Mganda mrefu, akatusikia tunavyoongea. "Karibuni madada," alisema. "Mule ndani hapana kugusa mtu, na wao hawawezi kugusa nyinyi. Ukishindwa, sema khalas, lakini kwa nguvu. Taa zitawaka, tutakuja kukutoa."

Mdogo wangu akacheka. "Mimi siwezi kusema khalas. Huyu dada yangu ndiye atasema."

Ndani kulikuwa na giza na harufu ya moshi wa mashine. Njia ni nyembamba, inapinda pinda, na kila kona kuna jambo. Mwanamke aliyetoa macho akachomoka kabatini. Mkono ukapita chini ya kitanda. Mdogo wangu alikuwa anapiga kelele, anacheka, ananivuta mkono, anajificha nyuma yangu, kisha anachungulia mwenyewe kutafuta kingine. Mimi sikushtuka hata mara moja. Kazi yangu ni nguo, na jicho langu lilikuwa linaona nguo tu. Mzimu mmoja joho lake lilikuwa limeshikizwa na pini mgongoni. Mwingine alivaa raba chini ya vitambaa.

Kisha tukafika chumba cha makaburi. Palilala mtu amezungushiwa kitambaa cheupe kichwani hadi miguuni, na ile nguo ilikuwa ya nailoni na imepindwa kwa mashine pembeni. Nilisimama nikalitazama lile pindo. Sanda haitiwi cherehani. Jumatano ile, shangazi zangu na wake wa mjomba walikuwa wamechana bafta kwa mikono yao wakamvisha mama mdogo, na mimi, fundi wa familia, sikuwapo. Machozi yalinijia hapo, mbele ya maiti wa kulipwa, nikamgeukia mdogo wangu. Maiti akakurupuka akapiga ukelele, pakamulika mwanga mkali ghafla, nikadhani nao ni wa kututisha, na mdogo wangu akapiga yowe ambalo sijawahi kumsikia akilipiga tangu yuko mtoto.

Alipotulia alikuwa ameegemea ukuta, anahema, jasho linamtoka. "Dada," akasema, "unajua tangu nimekuja nchi hii sijapaza sauti hata siku moja? Miaka miwili na nusu. Pale kwa madam hata kupiga chafya naenda bafuni." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Wallahi nitakuja tena, hata kwa pesa yangu."

Nikaelewa, na hasira yangu kwa watu wa foleni ikaniisha. Mji huu tunauishi kwa sauti ya chini. Wa kazi za ndani wananong'ona, wa makambi ya vibarua kule Muhaisnah wanalala vitanda vya juu na chini wakichunga usingizi wa wenzao, na hata wenye nyumba kubwa nadhani wana watu wanaowaogopa. Pale ndani mtu mzima anaruhusiwa kulia kwa nguvu na hakuna anayemuuliza amekuwaje. Na anajua kwamba mbele kuna mlango wenye taa ya kijani, akitoka atakuta aiskrimu, na mwenzake aliyeingia naye bado yupo. Ningependa na mimi hofu yangu iwe ya aina hiyo. Niliutafuta ujasiri wa kumwambia pale pale gizani nikaukosa, nikamshika kifundo cha mkono tukaufuata ule mlango wa kijani.

Tulitokea penye meza ya picha. Nilikuwa sijui kwamba wanapiga picha. Mwanamke Mkenya mwenzetu, mtu wa bara, mwenye fulana nyeusi alikuwa amekaa mbele ya kioo cha kompyuta, akatusikia Kiswahili chetu akafurahi.

"Karibuni, sista zangu! Hebu kujeni mjione," alisema. "Huyu ameogopa vizuri, picha imetoka poa. Lakini wewe, dada mkubwa, ulikuwa unaangalia nini?"

Kwenye picha mdogo wangu amefumba macho, mdomo wazi, mikono juu, na nusu ya yowe lile imeshageuka kicheko. Nyuma yake kuna mtu wa nguo nyeupe. Mimi niko ubavuni mwake, yule wa nguo nyeupe nimempa mgongo. Namtazama mdogo wangu. Mashavu yangu yamelowa. Ni uso ambao kila mtu wa kwetu anaujua, uso tunaoingia nao nyumba iliyofiwa kabla ya kutoa mkono wa pole.

Mdogo wangu alicheka kwanza. "Hata hukuwaangalia, jamani! Tiketi imepotea." Kisha akainama karibu na kioo. Msichana wa kazi huishi kwa kusoma nyuso, anajua kwa jinsi madam anavyoweka kikombe chini kama leo ni siku nzuri au mbaya. Nilimwona anausoma wangu.

"Mbona unanitazama hivi?"

Nikataka kumvuta kando.

"Dada. Umeniambia tukae, tule." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ni mama?"

Nikasema ndiyo. Hakuketi, hakula, hakushiba. Nilimwambia amesimama, katikati ya watu wanaokula bisi.

"Lini?"

"Jumatano. Alizikwa Jumatano."

"Jana wamenambia yuko kwenye pilau," alisema, taratibu, kama mtu anayenisahihisha. Kisha akapiga kelele.

Foleni nzima ikacheka. Siwalaumu, walidhani ni mmoja wa waliotoka ndani na hofu yake bado haijamwisha. Kijana mmoja alipiga makofi, mwingine akainua simu atupige video. Mdogo wangu alikuwa ameanguka sakafuni, anamwita mama yake, nami nimemfunika kwa mwili wangu, na juu yetu watu wanafurahi. Aliyetuokoa ni yule askari Mganda, aliyemsikia mdogo wangu anaita mama, akajua kwa nini. Alikuja akasimama baina yetu na zile simu, akanyoosha mikono yake mirefu pande zote mbili. "Khalas!" akawaambia. "Khalas, yalla, songeni mbele!" Alikaa hivyo muda wote, ametupa mgongo, hakugeuka kutuangalia.

Sijui tulikaa sakafuni kwa muda gani. Nilimwambia niliyokuwa nayo, kwamba mama hakuugua, kwamba alikuwa ametoka kusali alfajiri, kwamba jeneza lake lilibebwa na watu wengi. Nilimwambia pia kwamba nilijua tangu Jumatano yenyewe. Alinisikiliza bila kuniangalia. Niliomba anisamehe, akasema si wakati wake.

Alipoweza kusimama alirudi mwenyewe kwenye ile meza. Yule Mkenya alikuwa ameshaiondoa picha yetu kwenye kioo, na macho yake yalikuwa mekundu. Mdogo wangu akamwomba airudishe, amchapishie.

"Ya nini, mdogo wangu?" nikamwambia. "Tuiache hapa. Nakuomba."

"Hapo bado nina mama," alisema.

Mkenya akaichapisha akampa kwa mikono miwili, hakutaka malipo. Mdogo wangu aliitazama kidogo. Akaikunja katikati, nusu yenye uso wangu ikaenda upande wa nyuma, akaitia kwenye mkoba wake.