Kaseti Iliyoingia Bila Hodi

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyoipeleka sauti yangu kijijini kwetu Nyabiyonza. Ilikuwa miaka ya themanini, nami nimerudi kutoka Dar es Salaam na diploma ya elimu ya watu wazima, ya kwanza katika ukoo wetu. Ada nilijilipia mwenyewe kwa kubeba magunia bandarini. Usicheke nikijisifu, sikupewa na mtu.

Msimu ule wa mvua kuhara kulikuwa kunatumalizia watoto. Zahanati ilikuwa mbali, na kwenye darasa langu la watu wazima akina mama hawakuja. Nani angeacha shamba? Basi nikarekodi kwenye kaseti somo la maji ya sukari na chumvi ya kumnywesha mtoto anayehara, nikafunga redio nyuma ya baiskeli, nikawafuata walikokuwa wakimenya ndizi, uani kwa shangazi yangu Kokugonza.

Sauti yangu ikatiririka kwa Kiswahili cha chuoni. Kabla haijafika kwenye chumvi, shangazi akanyanyua kisu.

"Zima hicho! Nani huyu anaingia kwangu bila hodi?"

"Shangazi, ni mimi."

"Wewe umeniamkia. Huyu wa kwenye redio hajaamkia mtu. Anasema tu, hataki kujibiwa!"

"Labda kabanwa na mkojo, anawahi," akasema mmoja, na uani pote wakaangua kicheko.

Nikaondoka nimenuna. Lakini mimi si mtu wa kushindwa na kaseti. Nikarekodi upya: nikapiga hodi, nikasema shikamooni, nikanyamaza waitikie. Nikaeleza kipimo, kisha nikauliza, "Kwa lita moja ya maji, sukari vijiko vingapi vya chai?" Nikanyamaza tena. Ule ukimya, mwanangu, ulipita yote niliyosomea.

"Sita!" wakajibu akina mama nilipoicheza kaseti uani.

"Na chumvi?" kaseti ikauliza.

"Nusu kijiko!"

Wakabishana, wakairudisha kaseti nyuma, wakajibu tena huku wakimenya.

Haukupita muda, mtoto wa Yustina, jirani wa shangazi aliyekuwa akimenya nao uani, ambaye wazazi wake walitoka Burundi, akaanza kuhara na kutapika, macho yakadidimia. Mvua ilikuwa imekata njia. Yustina hakuwa na redio, wala hakujua kusoma. Akachemsha maji, akayapoza, akapima chupa mbili za bia, ndiyo lita moja, akajiuliza na kujijibu kwa sauti kama walivyofanya uani. Akamnywesha mtoto kidogo kidogo hadi njia ikapitika, akambeba mpaka zahanati.

"Mama," mganga akamwambia, "hayo maji ndiyo yaliyomfikisha hapa."

Mtoto yule leo ana watoto wake.

Nasikia sasa unatengeneza masomo ya kwenye simu. Yana picha na rangi ambazo kaseti yangu haikuziota. Ni vizuri, nami najivuna kwa watu kwamba umenifuata. Ila anayejifunza yuko jikoni au shambani, mikono imeshika kazi. Mheshimu kwanza. Sema kifupi, muulize, kisha mwachie nafasi ajibu, kwa sababu siku ya shida wewe hutakuwepo. Atabaki na lile alilolitamka kwa kinywa chake.

Mungu akubarikie akili na mikono, akupe wanafunzi wabishi, na kazi yako imfikie mama aliye peke yake na mtoto mgonjwa. Amina.