Mikono ya Mheshimiwa

Watu wenye masikio mazima hudhani kazi ya mkalimani wa lugha ya alama ni kupungapunga mikono tu. Laiti wangejua. Mama ninayemzungumzia alikuwa akisimama jukwaani ubavuni mwa wakubwa, blauzi nyeusi, vidole bila pete wala rangi ya kucha, ili mikono yake ionekane vizuri. Mkubwa akisema "mimi", naye hujigusa kifua chake mwenyewe: mimi. Mkubwa akikasirika, naye hukunja uso. Hapunguzi, haongezi. Ndiyo sheria ya kazi ile.

Hakuisomea darasani. Aliipata nyumbani, kwa kaka yake aliyezaliwa kiziwi. Utotoni yeye ndiye aliyesimama kati ya kaka na baba yao, mzee mwenye mdomo mchafu, Mungu amsamehe. Baba akibwata, "Mwambie gogo hilo linipishe njia," binti aligeuka akaashiria, "Baba anaomba kupita." Kaka alishaota ndevu ndipo alipogundua kwamba baba yake hakuwahi kumwomba mtu kitu maishani mwake. Alikasirika, akanuna wee, mwisho akamwapisha dada yake: usinigeuzie tena neno la mtu, hata likiwa chungu vipi. Mikono yako ndiyo masikio yangu. Dada akaapa, na kiapo hicho akakishika hata alipoolewa, hata alipokuwa na watoto wake mwenyewe.

Kaka akawa fundi seremala katika karakana ya viziwi, kwenye kiwanja cha baraza la mji. Walitengeneza madawati, vitanda, milango. Ukitaka kumwita mtu mle ndani unagonga sakafu kwa mguu, mtetemo unamfikia. Na umbeya wao, jamani. Misumeno inapiga kelele na wao wanateta kwa raha zao, wanakusengenya mbele ya macho yako nawe unatabasamu kama mgeni aliyeletwa mjini jana.

Sasa njoo kwa mheshimiwa. Nisije nikaambiwa nina chuki, nitasema ukweli: hakuanza hivyo. Alikuwa mwalimu, na siku walipokuja watu wa kuivunja karakana kwa mara ya kwanza, alisimama mlangoni, shati limelowa jasho, akagoma kuondoka hadi wakarudi walikotoka. Viziwi walimpenda. Wakampa jina la alama, kupiga bega mara moja, kwa sababu alizoea kuwapiga mabega akiwasalimia. Alipogombea udiwani alikuja karakanani, akasimama juu ya maranda, akasema, "Mimi nikiwa hai, hapa hapaguswi." Mkalimani akajigusa kifua, akayasema hayo kwa mikono. Mafundi wakainua viganja juu wakavitikisa, ndiyo makofi yao. Akashinda.

Miaka ikapita, udiwani akauona mdogo. Akautaka ubunge. Chama nacho kilikuwa na mfadhili wake, mwenye hoteli ya jirani, aliyekikodolea macho kile kiwanja apate pa kuegesha magari ya wageni. Baraza likapiga kura ya kumpa. Mheshimiwa akanyoosha mkono pamoja na wenzake, karakana ikaenda na maji. Kisha akaitisha mkutano wa kuwaeleza wananchi, na kabla haujaanza akamwita mkalimani kwenye chumba cha nyuma ya ukumbi.

"Kaa, dada. Umeshasikia."

"Nimesikia, mheshimiwa. Sijaamini."

"Ningepinga, chama kisingenipitisha. Nikianguka mimi anaingia yule mwingine, na yule unamjua, viziwi hata salamu hawapi. Nikifika bungeni nitawatafutia mahali pazuri zaidi ya pale. Unanielewa?"

Alimwelewa, na hilo ndilo lililomuuma. Laiti angeona mbele yake mwizi anayechekelea. Alimwona mtu asiyelala vizuri, anayebandua ngozi pembeni mwa kucha hadi inatoka damu.

"Leo utawaambia nini?"

"Kwamba sikuahidi. Nilisema tutaangalia."

"Mheshimiwa, nilikuwepo. Maneno yale niliyasema mimi."

"Uliyatafsiri, dada. Si kitu kimoja." Akaipangusa damu kidoleni. "Halafu bungeni wanatafuta mkalimani wa kudumu. Nimeshalitaja jina lako."

Angeweza kuchukua mkoba wake akaondoka. Mlango ulikuwa wazi. Lakini moyo ukaanza kumnong'oneza: nikiondoka wataleta kijana asiyejua lolote zaidi ya "habari" na "asante", na hao viziwi wataambulia nini? Nikiwa bungeni, viziwi wa nchi nzima watapata mkalimani wa kweli. Tena mimi natafsiri tu, si maneno yangu. Haya, yasikilize vizuri hayo. Ni yale yale ya mheshimiwa, yamevaa gauni tu. Naye aliyatambua, aibu ikamshika, na bado akainuka akamfuata jukwaani.

Mafundi walikaa mstari wa mbele, kaka yake katikati, vumbi la mbao kwenye nyusi. Mheshimiwa akaeleza, akazunguka huku na huku, mwisho akafika. "Mimi sikuahidi kamwe." Mkalimani akajigusa kifua: mimi, sikuahidi. Wenye kusikia walimtazama mheshimiwa. Viziwi hawamtazami msemaji, wanamtazama mkalimani, kwa hiyo uso uliowakana siku ile ulikuwa uso wake.

Fundi mmoja mzee akasimama, akaashiria. Mkalimani akamtolea sauti ukumbi mzima usikie: "Uliahidi. Ulisimama juu ya maranda yetu ukasema hapaguswi. Sote tuliona."

Ukumbi ukaguna. Mheshimiwa akatabasamu, lile tabasamu lake la ualimu.

"Wazee wangu, siwalaumu. Huenda siku ile mkalimani alikosea kutafsiri."

Mikono ya mkalimani ikabaki hewani. Haya nayo alipaswa kuyasema, ayaseme yeye, juu yake mwenyewe, mbele ya mtu aliyemwapia. Wenye kusikia walikuwa wameshaanza kumgeukia. Mheshimiwa naye akamtazama kwa pembe ya jicho, bila ukali wowote, kama mtu anayekuomba umshikie mzigo mara moja tu. Mafundi walingoja. Angetingisha kichwa tu, wangeelewa. Angeshusha mikono tu, wangeelewa.

Akaashiria, taratibu, kila alama mahali pake: huenda mkalimani alikosea.

Hakuna fundi aliyebisha tena. Fundi mzee alikaa chini. Mkutano ukaisha kwa amani, na mheshimiwa akasifiwa kwa busara yake.

Nje ya ukumbi alimkuta kaka yake ameegemea ukuta, peke yake. Akamkimbilia, mikono ikaanza kabla hajafika: kaka, nisikilize, kuna nafasi bungeni, nitawasaidia wote, sheria ya kazi inasema...

Kaka aliinua kiganja kimoja kumsimamisha. Akamuuliza kwa mkono mmoja tu, pole pole, "Ulikosea?"

Kaka akangoja jibu, akimwangalia usoni. Halafu akafumba macho. Kwa kiziwi hakuna mlango mwingine wa kufunga. Akishafumba macho, humwambii kitu tena. Dada akamshika bega, akamtikisa, akamvuta mkono. Macho hayakufumbuka.

Ikabidi aseme kwa mdomo, kwa sauti ya chini, pale pale ukutani, watu wakipita na viti vyao. "Sikuwa na jinsi, kaka yangu."

Aliyeyasikia maneno hayo ni yeye peke yake, na hakuyaamini.