Stelingi na Sinia la Mwaka Kogwa

Nakumbuka siku moja ya Mwaka Kogwa, mwanangu, kwetu Makunduchi, miaka michache baada ya Mapinduzi. Wakati huo kila kijana aliyefanya kazi mjini alirudi shamba na mwendo wa stelingi wa sinema. Kaka yangu Haji aliwapita wote. Kola juu, nywele zinang'aa mafuta, hacheki ovyo. Wasichana walikuwa hoi, na mimi dada mtu nilijiona malkia.

Lakini Haji na mdogo wake Makame walikuwa hawasemezani. Waligombea ng'ombe aliyeachwa na baba, na mama alikonda kwa kumpakulia kila mmoja sahani yake, maana kula sinia moja walikataa. Tumaini lake lilikuwa siku hiyo, maana kwetu, Mwaka unapokogwa, wanaume hupigana kwa vigogo vya mgomba, wakamaliza chuki zao, kisha wakala pamoja.

Haji na Makame wakapigana, nasi wanawake tukiwaimbia matusi kama ada inavyotaka. Makame akateleza, akaanguka, akatupa kigogo chake akicheka. Ilipaswa kuishia hapo. Haji hakutupa chake. Alimsimamia mdogo wake, kifua mbele, akingoja aombwe radhi, vile vile alivyoona sinemani. Vijana wa mjini wakampigia miluzi. Mama akajifunika uso kwa kanga.

Bibi yetu, aliyetulea kwa hadithi za mashujaa waua mazimwi, akamwendea taratibu.

"Haji."

"Naam, bibi."

"Huyo stelingi wako, taa zikishawashwa, hula na nani?"

Haji akamtazama Makame pale chini.

"Shujaa wangu mie akishaliua zimwi hurudi kwao, mama yake akampakulia. Huyo wako nnamwona hana kwao."

Haji akakitupa kigogo, akamshika Makame mkono, akamwinua. Mchana ule mama alipakua sinia moja. Yeye mwenyewe hakula, alikaa tu akiwatazama, na furaha niliyoiona usoni mwake sijaisahau.

Mwanangu, sikukatazi mashujaa. Nenda sinema, simamisha kola, mimi mpaka leo nampenda kijana mwenye mwendo. Ila shujaa mwige mwendo wake, ugomvi wake mwachie. Wake umetungwa uishe kwa saa mbili, wako utalala nao nyumba moja. Mungu akupe ushindi mwingi, na kila ukishinda, wa kwanza kunyoosha mkono uwe wewe.