Kuku Aliyebadilishiwa Gauni

Mimi ni fundi wa cherehani, Mkenya wa magharibi, na mdomo wangu haujawahi kuwa na kufuli. Nayasema haya mapema kwa sababu yote yaliyonipata pale Kansanga, mtaa wa Kampala, yalitokana na hivyo viwili, mikono yangu na mdomo wangu. Mikono sina lawama nayo.

Nilifika Kampala miaka michache baada ya vita vya themanini na sita, nikafungua duka la ushonaji kando ya barabara ya Ggaba. Siku zile ukimsalimu mtu kwa Kiswahili alikutazama mikono kwanza, aone kama umebeba bunduki. Kwa wenyeji wengi ilikuwa lugha ya wanajeshi. Mama mmoja alikuja kushonewa gomesi, lile gauni la Kiganda, nikamwambia, "Karibu mama, keti," akaruka! Alibaki amesimama mlangoni mpaka nilipomweleza kwa Kiganda changu kibovu kwamba mimi na bunduki hatujuani. Kwa hiyo chumba cha jirani kilipopangwa na mwanamke Mkongomani wa Bunia, muuza vitenge, mtu wa Kiswahili tangu tumboni, niliona nimepata ndugu. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao na changu cha kwetu, tukawa tunachekana kutwa. Yeye aliniita yaya, yaani dada mkubwa. Ukubwa wenyewe ulikuwa wa mwili tu, maana tulikuwa rika moja.

Miaka ikapita, wateja wakanizoea, na kazi ya ndege ikaja. Kulikuwa na kampuni ndogo yenye ndege moja tu iliyokuwa ikibeba abiria na mizigo kutoka Entebbe hadi mashariki ya Kongo. Tumbo lake lilipakwa rangi nyekundu, na mkiani akachorwa yangeyange mweupe ameinua shingo. Mimi niliwashonea wale wasichana wahudumu skafu nyekundu, nikashona na kava za viti. Kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, mtu alikuwa amekichoma kwa sigara. Nikakitia kiraka, na kiraka changu nakijua hata gizani, maana mimi hushona pembe zake kwa kukatiza uzi kama alivyonifundisha mama yangu.

Basi ndege yenyewe ilikuwa ikiruka chini chini, na ikitua ilidunda kabla ya kutulia. Kampala hawakosi jina la kumpachika mtu. Wakaiita Kuku. Wenye kampuni walilipia yangeyange, lakini ukienda sokoni unasikia watu wakiulizana, "Kuku ameondoka?"

Rafiki yangu alisafiri na Kuku huyo mara nyingi na biashara yake, mpaka siku moja wakakutana na mvua kubwa juu ya Bunia. Alinisimulia mwenyewe jinsi ndege ilivyoshuka kama ndoo iliyokatika kamba, watu wakalia, mzigo ukamwangukia mtu begani. Katika kelele hizo akamwekea Mungu nadhiri: akishushwa salama, hatakanyaga tena ndani ya ndege ile. Walitua. Aliporudi alikwenda mbele ya kanisa letu, akairudia nadhiri yake mbele ya watu wote, na mchungaji akamwombea. Kwao nadhiri iliyotamkwa mbele ya kanisa haina mjadala. Tangu hapo bidhaa zake alizipeleka kwa barabara, kwa malori na mabasi, na alipopata hasara hakunung'unika.

Nadhani si yeye peke yake aliyemkimbia Kuku, maana baada ya muda bosi wa kampuni alikuja dukani kwangu akitoka jasho. "Nyabo," yaani mama, akasema kwa Kiswahili chake cha mjini, "sisi nachenji kila kitu. Mimi nataka watu nasahau hiyo mambo ya Kuku. Bulu! Yote bulu!" Akanitandikia mezani kitambaa cha buluu na picha ya jua la manjano litakalokaa mkiani. Alikuwa na haraka, kwa hiyo kava mpya zilivalishwa juu ya zile za zamani.

Nilikwenda Entebbe mwenyewe kuzivalisha. Ndege ilikuwa inang'aa hata ukaionea haya. Lakini nilipofika kiti cha nyuma nikapapasa, na kiraka changu kilikuwa pale pale. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikakicheka kiraka, nikakivisha buluu, na nilipomaliza nilisimama mlangoni nikitazama safu zile za viti nikaona raha. Haki ya Mungu, vilipendeza. Bosi hakuniambia nisiseme. Hilo nalitaja kwa sababu nimetafuta sana mtu wa kumtupia lawama, na yeye simpati.

Siku si nyingi baadaye habari ikafika kutoka Bunia kwamba mama yake rafiki yangu yuko kitandani na anamwita. Mama yule hakuwa na binti mwingine. Kwa barabara, msimu ule wa mvua, ingekuwa bahati kufika; kwa ndege ilikuwa safari ya asubuhi moja. Na siku zile ndege ya abiria ya kwenda Bunia ilikuwa ni hiyo tu.

Alikuja dukani asubuhi, mfuko umeshafungwa, kitenge kizuri amejifunga. Nilikuwa na wateja wawili. Nilijua mama ni mgonjwa. Nadhiri niliijua, kwani nilikuwa nimekaa benchi la pili siku alipoirudia kanisani. Na mfuko niliuona.

"Yaya," akasema, "kule kwenye tiketi wanasema ile ndeke ya buluu iko mpya kabisa. Nimewaona wale mabinti na skafu zao. Wanasema hata viti vimetoka Ulaya, vimeshonwa na mashini kubwa. Ni kweli?"

Aliyekuwa anaulizwa pale hakuwa fundi. Alikuwa ni dada yake mkubwa, na rafiki yangu alihitaji kuambiwa neno moja tu: kweli. Lakini mimi masikio yangu yaliishia kwenye Ulaya.

"Ulaya gani!" Nikapiga meza. "Ulaya wapi? Mikono hii! Ni mimi niliyevishona, hapa hapa, kwenye cherehani hii unayoiona! Ala! Wamekudanganya, dada. Huyo ni Kuku yule yule, amebadilishiwa gauni tu. Nenda kiti cha nyuma, upapase chini ya buluu, utakikuta kiraka changu."

Wateja wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Nilicheka sana, kichwa nyuma, nikiwa nimeshika kiuno.

Nilipomaliza kucheka nikamwona ameketi kwenye kile kibao cha kungojea, mfuko magotini. Hapo ndipo akili ilipofika, na maji yalikuwa yameshamwagika. Nikaanza kuyazoa kwa viganja. Nikamwambia labda injini wameibadilisha. Nikamwambia rubani ni mwingine. Nikamwambia rangi ikibadilika na jina likibadilika, basi hata Mungu ataelewa.

"Yaya," akanijibu taratibu, "nadhiri yangu sikuiweka kwa rangi."

Akaenda kwa barabara. Mvua ilikuwa imekata njia, wakalala porini, wakavuka matope kwa miguu. Alipofika Bunia alimkuta mama yake ameshazikwa jana yake. Na ile ndege ya buluu ilikuwa imekwenda na kurudi salama, ikidunda kidogo tu kama desturi yake.

Ningefurahi kama angenirudia na matusi. Matusi nayaweza. Alirudi na unga wa muhogo wa kwao, fungu langu amelifunga peke yake, na Jumapili akasimama kanisani kutoa shukrani. Akaninyooshea mkono. Akasema Mungu alimpa jirani mkweli, ambaye hakukubali kumdanganya hata pale ambapo uongo ungemfaa, na kwamba alipoteza kumwona mama lakini hakumpoteza Mungu. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akanikumbatia. Nikaketi pale nimeinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Baada ya hapo ikawa balaa. Mtu akitaka kujua kama kitambaa kinachuja rangi, anasema twende kwa yule mama mkweli. Mtu akigombana na mumewe, mimi ndiye shahidi. Kila wakiniita hivyo nilisikia kicheko changu mwenyewe. Ukweli niliusema, ndiyo. Lakini sikuusema kwa ajili ya ukweli. Niliusema ili watu wawili waliokuja kupunguza sketi wajue kwamba viti vya ndege nimevishona mimi. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa mbele za watu, nikapigiwa makofi.

Siku moja nikashindwa kuvumilia. Tulikuwa tunachambua mboga za dodo uani kwake, nikamwambia yote, kwamba haikuwa uaminifu, ilikuwa majivuno. Hakuacha kuchambua.

"Nilijua," akasema. "Si ulicheka?"

Halafu akaniambia nimpe bakuli.

Miaka kadhaa ikapita, kampuni ikauzwa, na wenye kampuni wapya wakaja na rangi zao: kijani kibichi, na mkiani majani mawili ya migomba. Nikaitwa tena Entebbe. Safari hii niliingia nikaenda moja kwa moja kiti cha nyuma, nikapapasa. Hakuna kiraka. Nikapima kiti, nikakuta upana si ule. Madirisha yalikuwa makubwa zaidi na mlango ulifungukia upande mwingine. Nikamuuliza fundi mitambo, akaniambia Kuku alishakatwakatwa akauzwa vyuma. Ilikuwa ndege nyingine. Nilishuka ngazi mbio na unene wangu huu, nikitaka kufika Kansanga kabla hata dereva hajawasha gari.

Bahati ilikuwa kwamba ndugu zake huko Bunia walikuwa wamepanga siku ya kuondoa matanga, ambayo kwao hungoja hata miaka, na kulijengea kaburi la mama yao saruji. Yeye ndiye aliyetakiwa kuweka jiwe la kwanza. Nikamkuta anakunja nguo.

"Dada, ndege ni nyingine," nikasema nikihema. "Nimeingia mwenyewe. Nimepapasa kila kiti. Kuku hayupo tena duniani. Panda, utafika kesho asubuhi, utaweka jiwe, nadhiri yako ni nzima. Naapa kwa kaburi la mama yangu."

Machozi yalikuwa yananitoka, na sikuweza kuyazuia. Alinitazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa.

"Yaya," akasema, "siku ile ulisema ukicheka, nikakuamini. Leo unaniambia ukilia. Unataka nifike tu, basi. Ungeniambia hata kama ingekuwa Kuku."

"Siyo Kuku!"

"Sawa, yaya. Siyo Kuku." Akanifuta shavu kwa ncha ya kitenge chake. "Lakini mimi nitaondoka leo na basi. Nimejifunza kuondoka mapema."

Nikamshikia mfuko mpaka kituoni, nikamnunulia chapati za njiani.