Lori Lililohesabiwa Mtungi Mmoja

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kompyuta ya ushirika wetu wa maziwa, Mukurweini, Meneja aliniuliza nimetumwa na nani. Nilikuwa kijana mwenye haya, elimu ya msingi tu, nimeajiriwa kuchapa. Nilijibu polepole, naye akaushuku upole wangu. Miaka hiyo ya tisini kila aliyeikaribia kompyuta alitazamwa mikono kama mwizi.

Mkubwa wangu alikuwa Mtayarishaji Programu, mama tuliyemwita Madam. Aligawa programu katika vitu. Kila kitu kilikuwa na data zake na kazi zake, na kazi hizo tuliziita mbinu. Mbinu moja ilihesabu mitungi ya maziwa, uipe mmoja au kumi. Tulipoijaribu tuliitajia mmoja mmoja, ikajibu sawa.

Asubuhi ya kuanza kuitumia kwa kweli, tulichukua lori moja tu, la dereva Mzee Gachanja. Mitungi yake niliichapa ikaingia katika safu, yaani jina moja lenye nafasi nyingi ndani. Madam akaipa mbinu safu nzima. Kioo kikaonyesha: mtungi mmoja.

Karani wa mapokezi alikuwa amenusa kama yameharibika, na maziwa yalikuwa yamekwisha kumwagwa kwenye tangi; hakukuwa na cha kuhesabu tena.

"Hiyo ingine umeuza Karatina?" Meneja alimuuliza Gachanja.

"Ati nini? Uliza karani. Si yeye alinusa kila mtungi?"

"Karani ni mtu wako. Kompyuta haina shemeji. Weka ufunguo ya lori hapa."

Gachanja aliuweka mezani. Lori hilo alikuwa ameliendesha tangu likiwa jipya, na kazi nyingine hakuwa nayo.

Madam alimgeukia karani. "Lori ikifika, unaanza na nini?"

"Nashusha mitungi, Madam. Ndio nihesabu."

"Basi hii yetu haishushi. Nimeipa lori, ikaona kitu moja."

Akaongeza mstari: ikiwa ulichopewa ni safu, ifungue kwanza, ndipo uhesabu. Mitungi yote ikatokea.

Meneja alimsukumia Gachanja ufunguo kwa kidole. "Leo imekubali. Kesho sijui."

"Kesho utashuka uhesabu mwenyewe," Gachanja akasema. "Bila wewe, simwagi hata tone."

Na hakumwaga. Mpaka nilipohamishiwa ofisi ya Timau, Meneja alisimama matopeni kila asubuhi, amevaa gambuti, akihesabu kwa sauti.

Sasa nimestaafu. Vijana hunionyesha programu zao, wakisema zimejaribiwa. Huwauliza: mmezijaribu kwa mtungi, au kwa lori?